Dawa Iliyopimwa kwa Pua

Ndugu zangu wa Makambako, nyumba ya Zamda ilikuwa na amani yake. Mama yake, Bi Safina, mgonjwa wa pumu, alishinda katika chumba cha nyuma karibu na jiko la mkaa. Humohumo Zamda alichanganya dawa ya usafi ya kuua virusi, akaziuzia nyumba za wageni. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, nani afungue dirisha?

Feliciana, mpimaji wa maabara kutoka Njombe, alichukua chupa moja. Akamweleza kuwa watapima mambo mawili: kama inaua virusi kweli, na kama haimdhuru mtu. Majibu ni baada ya wiki tatu. Mpaka hapo asiuze, wala asibadilishe kitu.

Wiki tatu! Tamaa haina masikio, jamani. Zamda aliendelea kuuza, na wateja, Mungu awasamehe, wakanusa vizibo na kulalamika kuwa dawa haiwashi. Sisi watu wa huku tuna kipimo chetu: isiyowasha pua haiui kitu. Basi asubuhi moja, dirisha limezibwa kwa matambara, Zamda akamiminia ndani ya mchanganyiko wake dawa kali ya kusafishia choo.

Hewa ikamkaba koo. Alikimbilia uani akikohoa, na, msinichukie kwa kusema, alifurahi. Leo imekolea, alijiambia, akasubiri macho yaache kuwasha. Ndipo akakumbuka mama yake amelala ndani.

Bi Safina alikata roho njiani kwenda hospitali.

Zamda hakulia. Alikaa mkekani akipokea pole kama anavyopokea salamu za sokoni. Hakusikia baridi wala njaa.

Siku ya nane baada ya maziko Feliciana alikuja na karatasi, akasita kuitoa.

“Dada, dawa uliyonipa ilikuwa nzuri. Inaua virusi, na haina madhara.”

“Ile isiyowasha?”

“Ndiyo hiyo.”

Zamda aliikunja karatasi mara nne, akamuuliza mgeni kama amekula.

FUNZO

Harufu kali si kipimo. Dawa hupimwa na wataalamu, kwa kirusi na kwa binadamu pia. Msichanganye dawa za usafi, msizitumie mahali palipofungwa. Nawe mteja unayenusa kizibo na kudai ikuwashe, mkono wako umo katika kaburi lile. Hata wangu umo, maana mimi pia nilinusa.