Lalamiko la Kumi na Mbili

Likizo haikumpunguzia Kezia kazi. Kila asubuhi alifagia majani ya mlozi uwanjani, akawapa kuku chakula, kisha akampelekea Aka chai barazani. Aka ndivyo tunavyomwita bibi huku visiwani. Kwa wiki tatu kazi iliongezeka, kwa sababu nyumba ya Aka Naoma haikuwa na jiko. Makabati ya zamani yalikuwa yamerundikwa nje kama takataka, na chai ilichemshwa juu ya mafiga matatu chini ya dirisha.

Makabati hayo yaliletwa na ofisi ya nyumba za serikali miaka ishirini na tano iliyopita. Yalikuwa ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi, mazuri kwa mtu anayekaa mji mkavu. Sisi tunakaa kisiwa kidogo cha Mlangobahari wa Torres, kaskazini mwa Australia. Chumvi iko hewani mwaka mzima na mvua za Januari haziingii kwa hodi. Msimu wa kwanza tu milango ilivimba kama maandazi. Aka aliandika barua. Msimu wa pili mende walihamia ndani na watoto wao. Aka aliandika barua. Nakala zote anazo ndani ya kopo la biskuti, na ukimwuliza atakutajia tarehe bila kulifungua.

Safari hii ofisi ilikuwa imekubali mambo mawili. La kwanza, Aka achague mwenyewe. Alichagua meza ya chuma kisichoshika kutu, rafu za wazi zinazopitisha upepo, na sinki refu linalomeza sufuria ya karamu. La pili, msimamizi wa kazi awe mtu wa visiwani. Miaka yote ofisi ilisema wenyeji hawawezi kusimamia. Sasa alikuja Waria, seremala kutoka kisiwa cha Badu, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, ambaye hakuitoa penseli sikioni hata akila.

Jiko lilitakiwa kuwa tayari Ijumaa. Jumamosi ilikuwa siku ya kufunua jiwe la kaburi la marehemu mume wa Aka. Ukoo ulijiandaa miaka mitatu kwa siku hiyo. Wageni walikuwa wanatoka Cairns, Townsville na visiwa vya jirani, na chakula chao chote kilikuwa ndani ya friza moja: nyama ya kasa wawili, nguva mmoja, nguru thelathini na kuku wasiohesabika.

Jumatano asubuhi Aka alimwita mjukuu wake.

"Kezia, barafu imefika wapi humo ndani?"

"Imeanza kula samaki, Aka."

"Basi iyayushe leo. Waria anataka kuitoa friza jikoni aweke sakafu, na haibebeki ikiwa na mzigo. Chomoa plagi. Hamishia nyama kwenye maboksi ya baridi. Weka mabeseni ya maji ya moto ndani, funika, ukae. Maji yakipoa, badilisha."

"Saa ngapi itaisha?"

"Itakapoisha. Na kisu kikae mbali, unanisikia? Kisu ni cha nyama."

Kezia alifanya kama alivyoambiwa, kwa saa nzima. Barafu ilitoa jasho lakini haikuondoka. Ndipo binamu yake Ruta alipochungulia dirishani, kavaa sketi ya majani ya mazoezi.

"Wewe bado? Wenzako tumeshaanza ngoma ya Jumamosi."

"Nakuja."

"Hiyo nakuja yako ni ya tangu saa mbili. Unaiatamia hiyo friza kama kuku. Ikitotoa utuite."

Ruta aliondoka akicheka. Ngoma ilisikika kutoka kwenye ukumbi wa kanisa. Kezia alitazama mlangoni. Aka alikuwa nyuma ya nyumba akikuna mihogo. Akachukua kisu cha samaki.

Pande la kwanza lilibanduka vizuri. La pili pia. Kwenye la tatu kisu kiliteleza, kikagota ukutani mwa friza, na kitu kikasema ssss, kama tairi la baiskeli. Hewa baridi ilimpiga mkononi. Alikandamiza tundu kwa kidole gumba mpaka sauti ikaisha yenyewe. Alipotoa kidole aliona kitobo kidogo kuliko punje ya mchele. Kitu kidogo hivi, alijiambia, hakiwezi kuwa na maana. Alifuta maji, akarudisha kisu mahali pake, akaenda kwenye ngoma.

Waria na fundi mwenzake walikuja, wakailaza friza ubavu ili ipite mlangoni, wakaisimamisha barazani. Chakula kilirudishwa, plagi ikachomekwa. Mashine ilinguruma kama siku zote na taa ya kijani ikawaka.

Saa saba mchana Aka alifungua kifuniko kutafuta kuku. Kidole chake kilizama kwenye nyama.

"Waria," aliita, bila kupaza sauti. "Njoo uone."

Waria alikuja akijifuta mikono. Aliweka kiganja ndani, akasikiliza mashine. Kezia alikuwa amerudi na alisimama kwenye ngazi.

"Kezia," Aka alisema, "ulitumia kitu chenye ncha?"

"Hapana, Aka. Maji ya moto tu."

"Basi ni mimi," Waria alisema. "Niliilaza. Friza ikilazwa, mafuta ya mashine hupanda kwenye mabomba. Nilipaswa kuiacha isimame kwanza kabla ya kuiwasha, nikasahau. Iko hivi, Aka. Tuizime sasa. Isimame mpaka kesho asubuhi, na mtu asifungue kifuniko. Huenda ikarudi."

"Huenda."

"Siwezi kukuahidi zaidi."

Aka aliketi kwenye kiti chake cha turubai na kuvuta karatasi. Bwana Kerrigan, mkaguzi wa ofisi ya nyumba, alikuwa anakuja na ndege ya saa tisa, na barua ya Aka kwake ilikuwa tayari na malalamiko kumi na moja: bomba la tangi linalovuja nyumba ya tatu, majiko ya umeme mawili yaliyoletwa yakiwa na kutu, na mengine ambayo kijiji kizima kiliyajua. Aliandika namba kumi na mbili, akaanza kuandika mbele yake.

"Unaandika nini, Aka?" Kezia aliuliza.

"Ninaandika kwamba msimamizi aliharibu friza yenye chakula cha karamu."

"Lakini Waria ni wa kwetu."

"Ndiyo. Wamevunja wao miaka thelathini, nimeandika. Akivunja wa kwetu nisiandike? Watasema barua za Naoma zina undugu."

"Andika tu, Aka," Waria alisema, akarudi kwenye sakafu yake.

Kezia alishusha sauti. "Watamfanya nini?"

"Watamwondoa. Watasema si tuliwaambia, hawa hawawezi. Wanaisubiri nafasi hiyo tangu siku aliyoshuka kwenye tishari la mizigo na vifaa vyake." Aka hakuinua macho. Kalamu ilikuwa inakwenda polepole kuliko kawaida yake.

Kezia alikaa karibu na friza. Ilikuwa imezimwa sasa, kimya. Mpaka kesho asubuhi, Waria alisema. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba gesi ilikuwa imetoka, na hakuna kilichobaki ndani ya mabomba cha kurudi. Kila saa waliyongoja ilikuwa saa ya kuoza. Aliweka sikio kwenye kifuniko kana kwamba angesikia kitu. Alisikia nyundo ya Waria jikoni, taratibu, ya mtu anayetaka kumaliza kazi vizuri kabla hajafukuzwa.

Bwana Kerrigan alifika na gari la halmashauri kutoka uwanja wa ndege, uso umeiva kwa jua.

"Kumi na mbili, Naoma? Barua moja?"

"Ungekuja mapema yangekuwa matano."

Alipitisha macho juu juu kwenye yale kumi na moja kama mtu anayeruka madimbwi. Kwenye la kumi na mbili alisimama, akasoma mara mbili.

"Hili sasa ni jambo zito," alisema, na sauti yake haikuwa na huzuni. "Waria, njoo. Unakumbuka tulizungumza kabla hujapewa kazi hii?" Alitoa mfukoni fomu ya kumwondoa kazini. Waria alisimama mlangoni na vumbi hadi kwenye nyusi, akaitikia kwa kichwa.

"Hilo si kweli," Kezia alisema.

Watu wazima wote watatu walimgeukia.

"Lipi si kweli?" Aka aliuliza.

"La kumi na mbili." Aliinuka kando ya friza. "Ni mimi. Nilibandua barafu kwa kisu. Nilitoboa, gesi ikatoka, nikanyamaza. Waria hakuharibu kitu. Na Aka, haitarudi kesho. Hata tukiisimamisha mwaka mzima haitarudi. Chakula kinaharibika sasa hivi."

Waria aliinua kifuniko, akatoa kuku kadhaa, akamulika ukutani kwa tochi ya simu. "Hapa," alisema. "Kitobo hiki hapa."

Kezia alingoja kofi au ukelele. Aka alisimama tu, akavuta pumzi kwa pua.

"Toroli," alisema. "Kezia, kimbia kwa kina Ruta, waambie watoe nafasi. Pita kwa mwalimu na kwa mama mchungaji. Waria, chukua nyama ya kasa kwanza. Na wewe Kerrigan, usisimame njiani. Shika upande huo wa boksi."

Bwana Kerrigan alishika.

Nyumba tisa zilifungua friza zao. Watu walitoa mikate, walitoa chambo, mmoja alitoa keki ya harusi ya mwanawe iliyokaa humo tangu mwaka jana. Ruta alisukuma toroli bila utani wowote, na hiyo peke yake ilimwuma Kezia zaidi ya tusi. Kasa na nguva walikuwa bado wagumu katikati. Nguru kumi na wawili walikuwa wameshalainika. Hao walikaangwa jioni ile ile juu ya mafiga na kuliwa na kila aliyebeba. Hao ndio pekee waliokosekana kwenye karamu.

Boksi la mwisho lilipoondoka, Bwana Kerrigan alijipangusa jasho.

"Sasa, Naoma. Kama la kumi na mbili ni uongo, nitajuaje hayo mengine kumi na moja?"

Aka alichukua barua, akalikata lalamiko la mwisho kwa mstari mmoja mnyoofu, akatia sahihi pembeni.

"Nani amelifuta? Si wewe. Tumelifuta wenyewe, mbele yako, na mtoto ndiye aliyesema. Haya, la kwanza ni bomba la tangi, nyumba ya tatu. Twende ukaliguse."

Walikwenda nyumba kwa nyumba, Aka mbele na fimbo yake. Jua lilipokuwa linashuka, mkaguzi alikuwa ametia sahihi mambo yote kumi na moja, na ile fomu ya Waria ilikuwa imerudi mfukoni, tupu. Kezia alimkuta Waria akipanga vigae.

"Nisamehe, mjomba. Nilikuacha ubebe kosa langu."

"Nililibeba kwa sababu nilidhani ni langu," Waria alisema. Alimsogezea ndoo. "Shika sifongo. Futa pale ninapopita."

Baadaye Aka alimwita kwenye ngazi ya baraza.

"Mimi pia niliwahi kutoboa friza," alisema. "Mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu. Ya mama mkwe."

Kezia alimkodolea macho. "Ulisema?"

"Nilisema kesho yake. Tulizika nguva mzima ufukweni, na watu sitini walikula wali mkavu. Kisu nimekusamehe, mwanangu. Haraka kila mtu anayo. Lakini sikiliza. Hawa watu wa ofisi hawanipendi. Barua zangu wanazisoma kwa sababu miaka thelathini hawajakuta uongo ndani yake. Hatuna wakili, hatuna mtu wetu kwenye meza zao. Tuna ukweli. Uongo wako mmoja ungeniharibia kumi na moja ya kweli, na ungemla mtu asiye na kosa. Ukikosea, sema. Tena sema mapema, nyama ikiwa bado ngumu."

"Nimesikia, Aka."

Jumamosi jiwe la babu, Athe Josaya, lilifunuliwa, vitambaa vilivyolifunika vikatolewa kimoja kimoja, na sufuria ya karamu ikaoshwa ndani ya sinki lililoimeza yote.

Miezi miwili baadaye shangazi wa Townsville alituma friza mpya kwa tishari. Aka alikuwa amekataa ile ya kusimama. "Ukifungua mlango wake baridi yote inakumwagikia miguuni," alisema, "na hapa kila mtoto anafungua." Alitaka ya kulala, yenye tundu la kutolea maji chini. Kezia ndiye mtunzaji wake. Haigusi ukuta, mpira wa kifuniko hufutwa chumvi kwa maji ya sabuni kila Jumapili, na barafu ikifika unene wa kidole, inayayushwa.

Juzi Ruta alichungulia tena dirishani.

"Bado unaatamia?"

"Bado," Kezia alisema, akamwaga maji yaliyopoa, akaenda kuchota ya moto.