Mikono Isiyo na Mwenyewe

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabomba ya kiwanda Bénie alipotoka nyumbani na mfuko wa sabuni, akielekea kwenye njia ya reli ya Shituru, pale mjini Likasi. Mteja alikuwa amemwandikia kwenye WhatsApp mchana ule. Hakuweka jina wala picha. Anataka sabuni kama ile ya kwenye tangazo, wakutane relini kabla ya giza. Halafu akaongeza maneno mawili: «Nimependa mikono.»

Bénie alitabasamu aliposoma. Mikono ile ilikuwa kazi yake, na alijivunia.

Ngoja tuieleze kwanza mikono hiyo, maana kisa chote kimo humo.

Mama yake, Mama Colette, alikuwa mpika sabuni. Sabuni ya mawese na soude, ile soda kali inayokula ngozi ukifanya mchezo nayo. Alianza kazi hiyo Bénie hajaota meno, na soude ilikuwa imemla polepole: viganja vyeusi vilivyopasuka, kucha zilizoliwa, kidole gumba cha kulia kimepinda kwa kukoroga. Sabuni yenyewe ilikuwa nzuri, ukioga nayo asubuhi unanukia mpaka jioni. Lakini mikono... Kanisani, waumini walipoambiwa washikane mikono waombeane, Bénie alihakikisha amekaa benchi nyingine. Tusimfiche: aliona haya. Alilishwa na mikono ile, akavishwa nayo, akasomeshwa informatique, mambo ya kompyuta, nayo, na bado aliionea haya.

Picha za kwanza za tangazo alizipiga mama akiwa ameshika kipande cha sabuni kiganjani. Mtu mmoja akaandika chini yake: «Hii sabuni njo inachomaka mikono hivi?» Wengine wakacheka. Bénie akaiondoa picha, uso unamwaka moto. Akafungua kwenye simu programu ya akili bandia anayotumia katika kazi yake ya kurembesha picha za watu. Akaizungushia mikono ya mama mstari kwa kidole. Akabonyeza: futa.

Ikatoweka. Sabuni ikabaki inaelea hewani, peke yake.

Kisha akaandika kwa Kifaransa anachokitaka: mikono ya mwanamke, kijana, laini, mizuri. Ya kwanza ilikuja na vidole sita, akaikataa. Ya pili ilikuja mizuri. Mizuri mno. Myembamba, rangi ya karanga, kucha zinang'aa. Viganjani hapakuwa na mstari hata mmoja, lakini nani anaangalia viganja? Akaibandika kwenye kila tangazo. Wateja wakaongezeka. Na picha zote za zamani akazifuta, asije mtu akaziona.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, lakini wazee hawakuwa na simu.

Kuna jambo moja Bénie alilipuuza. Mama Colette hakuruhusu kamwe nywele wala kucha zitupwe ovyo. Mtu akisukwa pale nyumbani, nywele zilizobaki kwenye kitana zilikusanywa zote zikatiwa motoni, chini ya sufuria. «Kintu ya mwili hapana kutupa hivi hivi,» alikuwa akisema. «Iko bantu banaokotaka.» Bénie alicheka kila mara. Mambo ya kizee.

Relini hapakuwa na mtu. Hewa ilinuka kiberiti, kama kawaida upepo ukitoka kiwandani. Bénie alisimama kando ya reli, akasubiri. Upande wa nyumba za kampuni mbwa alikuwa anabweka. Ghafla akanyamaza.

«Jambo, mama.»

Sauti ilitoka nyuma yake. Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya reli, amejifunika kitenge kuanzia mabegani, mikono yote ndani. Uso wake ulikuwa wa kawaida, wa mtu unayepishana naye sokoni ukamsahau hapo hapo. Alinuka udongo wenye mvua, ilhali kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu.

«Jambo, mama. Ni weye uliniandikia?»

«Njo minye. Weka mu kitunga.»

Kitunga, kikapu kidogo, kilining'inia shingoni mwake kwa kamba. Noti zilikuwa zimo ndani, zimekunjwa. Bénie akatia sabuni, akachukua noti. Mwanamke hakutoa mkono wowote.

«Ile mikono ya mu picha...» alinong'ona. «Ni ya nani?»

«Ni ya IA, ile akili bandia, mama. Machine njo inatengenezaka. Haiko ya muntu.»

«Siulize ile. Nauliza ya mbele. Ile ya kuungua.»

Bénie alipaswa kuogopa, na angeogopa, lakini haya ilitangulia woga. Mtu huyu ameiona. Ameiona mikono ya mama.

«Ah, ile... ilikuwa ya mutumishi tu. Iko mama moja anatusaidiaka kazi.»

«Haina na mwenye?»

«Haina na mwenye.»

«Donc naweza kuchukua?»

Bénie akacheka, kile kicheko cha kumaliza maneno. Alitaka kwenda zake. «Chukua tu, mama. Ni ya mubaya.»

«Merci.»

Mwanamke aligeuka. Chini ya kitenge chake kitu kikajinyoosha, kikajikunja, kikajinyoosha tena... Kisha akatembea juu ya mataruma mpaka giza likamchukua. Mdomo uliponza kichwa, na Bénie hata hakujua bado.

Alimkuta mama yake uani, amekaa kwenye kigoda, mikono ndani ya beseni la maji. Moto ulikuwa umezimika. Sufuria ya sabuni ilikuwa imeganda kabla ya kuiva, na Mama Colette hakuwahi kuacha sufuria hivyo hata siku ya malaria.

«Mama, iko nini?»

«Sijue, Bénie. Mikono inalala. Sisikie kintu.»

Akaitoa majini.

Bénie aliitambua. Angewezaje kutoitambua? Aliichagua mwenyewe. Myembamba. Rangi ya karanga. Kucha zinang'aa kwenye mwanga wa simu.

Mama akaigeuza viganja juu.

Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Alitafuta picha ya zamani simuni mpaka betri ikafa. Alikuwa amefuta vizuri, kazi aliijua. Namba ya yule mteja haikupokea tena. Kila machweo alirudi relini, akaita, akaomba, na wapita njia wakamwangalia kama mwehu. Mama yake hakumlaumu kwa mikono yake ya zamani. Alikuwa hajui ilikwenda wapi, wala nani aliitoa.

Mikono mipya haikujua kitu. Zamani Mama Colette alijua sabuni imeiva kwa kuibana kidogo kati ya vidole. Sasa akibana, vidole havimwambii neno. Sabuni ilitoka majimaji, wateja wakairudisha, jiko la uani likapoa. Na ndipo muuza mboga wa jirani, Mado, alipopita na habari.

«Ku Kamatanda iko mama moja wa mupya, anauzisha sabuni,» alisema. «Mikono yake inaungua yote, masikini, lakini ile sabuni, wé! Unaona kabisa ni muntu anajua kazi.»

Bénie alipanda pikipiki mpaka Kamatanda, kwenye machimbo. Alikuta meza tupu, na pembeni yake harufu ya sabuni ya mama yake, ile ile ya utotoni. Alisimama pale akalia mbele ya wachimbaji waliokuwa wanatoka kazini, wala hakujali.

Jumapili, Pasteur Gracien alimwita Mama Colette mbele ya kanisa. Alimshika viwiko akainua ile mikono ili wote waone.

«Muangalie! Mama huyu alikuwa na mikono ya namna gani? Munaijua! Mungu anamupatia ya mupya!»

Kanisa likalipuka. Watu walilia, wengine wakaruka. Mama Colette alisimama katikati ya shangwe ile na uso wa mtu aliyepotea sokoni. Alikuwa anamtafuta binti yake kwa macho.

Hapo ndipo Bénie alipaswa kusimama. Maneno alikuwa nayo. Lakini macho ya watu... Watasema nini? Akabaki benchini, na mikono ya wenzake ilipopiga makofi, na yake ikapiga.

Haya ya siku ile ilimzidi. Jioni, jua likiwa linashuka, alipiga magoti sebuleni mbele ya kigoda cha mama yake, kando ya jiko la mkaa, akasema yote. Picha. Relini. Neno «mutumishi». Neno «chukua».

Mama Colette hakupiga kelele.

«Ulisema ni ya mutumishi?»

«Ndiyo, mama.»

«Na tangu wakati gani inakupatiaka haya?»

Bénie alilijua jibu: tangu zamani, mama. Tangu shule ya msingi, siku uliyonisindikiza mpaka mlangoni mwa darasa. Akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, akalia.

Mkono ukashuka kichwani kwake. Ukampapasa nywele, polepole... mwepesi, baridi. Bénie akadhani amesamehewa.

«Bénie.» Mama alikuwa ananong'ona. «Hapana kutingizika.»

«Mama?»

«Haiko minye.»

Mkono wa kulia ulikuwa unaokota nywele zilizokatika, moja moja, unaziweka kwenye kiganja cha kushoto. Na kiganja cha kushoto kikafumba.

Nje, kwenye ua, mtu akabisha hodi. Hakubisha kwa mdomo. Alipiga makofi, makofi makavu ya viganja vilivyopasuka, na Bénie aliyajua makofi hayo tangu akiwa mgongoni. Harufu ya udongo wenye mvua ikaingia chini ya mlango.

«Jambo, mama.»

Bénie aliruka. «Ile mikono ni ya mama yangu! Unasikia? Ni ya mama yangu!»

«Ulisema haina na mwenye.» Sauti ilikuwa ya upole. «Siulize ile. Nauliza mama.»

Yule wa nje akasogea mpaka mlangoni.

«Mama... huyu mutoto, iko na mwenye?»

Bénie akageuka kumtazama mama yake. Huyu ndiye ambaye yeye alimkana mbele ya mgeni kwa sababu ya ngozi ya mikono. Kama mama angenyamaza, nani angemlaumu? Bénie mwenyewe asingemlaumu.

Mama Colette hakusubiri hata pumzi moja.

«Iko na mwenye. Ni mutoto yangu.»

Ngumi ya kushoto ikafunguka. Nywele zikaanguka sakafuni. Nje, nyayo zikaondoka taratibu, na Bénie akazoa nywele zote kwa mikono yake, akazitia motoni, unywele kwa unywele.

Wengine Likasi husema ni jini la reli, wengine husema ni mchawi wa kawaida aliyejua kutumia simu. Pasteur Gracien, alipoelezwa ukweli, alisema waombe, na hakuizungumzia tena ile mikono kanisani. Bénie aliweka tangazo jipya lisilo na sabuni, lenye maneno tu: mikono iliyofutwa ilikuwa ya mama yangu, Colette, na nilimkana. Watu walisoma. Wengine walimtukana, naye hakujibu. Mikono haikurudi.

Sasa Bénie ndiye anayepika. Soude imeanza kumla vidole, na kanisani anakaa benchi ya mama yake. Usiku humfunga mama mikono kwa kitenge, kwa idhini yake, na nyumbani hapo hakuna kitana kinacholala na unywele.

Lakini kila machweo, sufuria ikiwa motoni, yale makofi makavu husikika uani. Mtu huuliza swali lile lile, kwa upole ule ule. Bénie amejaribu kujibu mwenyewe. Halisikilizwi jibu lake. Ni mama anayeulizwa, na ni mama anayejibu.

Mama Colette ana kikohozi tangu kiangazi cha mwaka huu kianze. Jana sauti yake ilitoka ndogo sana, kama ya mtu anayeongea ndotoni.

Na yule wa nje, kwa mara ya kwanza, hakuondoka; akauliza tena, kama mtu ambaye hajasikia jibu.