Waya wa Nanga

Kila Desemba, kabla wageni hawajaanza kumiminika kisiwani Bequia, huko Karibi, Kapteni Verlyn hutandaza ramani ya bahari juu ya meza ya chakula. Kila Desemba, Nyanya Ismay hulalamika kwamba shelisheli lake la kuchoma limekosa pa kuwekwa.

"Verlyn, ondoa makaratasi! Chakula kinapoa."

"Kidogo tu, Mama. Wale Wakanada waliokodi mashua yetu wanakuja kesho, na wanataka wafike kisiwa cha Union siku hiyohiyo."

"Haraka ya nini? Union inahama?"

Keturah, binti wa Verlyn, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliangua kicheko. Mama yake, Verlyn, naye alicheka, akafuta mstari kwa raba. "Kwenda kusini unasukumwa na upepo. Kurudi ndiyo kazi, unaupata usoni. Tutaanzia Mayreau, kisha tulale kwenye visiwa vya Tobago Cays, nyuma ya mwamba. Pale usiku kucha tegemeo lako ni nanga." Akamgeukia binti yake. "Ketu, juma lililopita tulipotia nanga, uliufunga ule waya?"

"Niliufunga, Mama."

Uongo mtupu! Nanga ya mashua yao ya tanga, iliyoitwa Ismay kwa heshima ya nyanya, iliungwa kwenye mnyororo kwa pingu ya chuma. Bolti ya pingu hiyo hufungwa waya ili mawimbi yasiilegeze. Kipande cha waya alichopewa, Keturah alikitumia kushikilia mlingoti wa kimashua chake cha kumbi la nazi, kwa ajili ya mashindano ya Jumapili. Binamu yake Denroy alikuwa amemchokoza mno: "Chako hicho kitashindwa hata na bata!"

Wakaanza kula. Ghafla mlango ukajibamiza, ramani ikaruka hadi jikoni.

"Lo! Upepo wa Krismasi umewahi mwaka huu," nyanya alisema.

Keturah akaweka tonge chini. Mashua Ismay ilikuwa bandarini saa hiyo, imeshikwa na nanga ileile, na miamba iko nyuma yake. Mashua ile ndiyo iliyowalisha, ndiyo iliyomsomesha. Aliogopa hasira ya mama yake, lakini aliogopa ile miamba zaidi.

"Mama, nimekudanganya," alisema, machozi yakimtoka. "Waya sikuufunga. Uko kwenye kimashua changu."

Mama yake alisimama, akachukua koleo. "Ung'oe uje nao. Twende!"

Walipiga makasia kwa mtumbwi hadi kwenye mashua huku mawimbi yakiwarushia maji. Mama aliwasha injini ili mashua isisukumwe na upepo, na Keturah akaupandisha mnyororo kwa mashine hadi nanga ikatokeza. Bolti ilikuwa imejifungua karibu yote, imebaki kushikilia kwa ncha tu.

"Mama! Bado ipo!"

"Ikaze, kisha ufunge waya. Taratibu, mwanangu."

Aliikaza, akafunga waya, akaurudia tena. Mama yake alikuja akauvuta waya ule, wakaishusha nanga, na iliposhika vizuri akaketi palepale, akashusha pumzi ndefu.

"Asante Mungu! Nimekasirika, Ketu, sikufichi. Lakini ungenyamaza, tungeipoteza mashua, au kesho ningewalaza watoto wa watu juu ya bolti ile." Akamvuta kifuani. Keturah alilia, na safari hii machozi yalimpa nafuu.

Jumapili, mama akiwa safarini na Wakanada, kimashua cha Keturah, ambacho sasa mlingoti wake ulifungwa kwa uzi, kilizama kabla hakijafika mbali.

"Ketu, umeunda nyambizi?" Denroy alipiga kelele.

Keturah alicheka mpaka akashika mbavu. Nyanya Ismay, aliyekuwa amesimama majini na gauni lake amelipandisha magotini, alikiokota na kumpa.

"Chako kimezama, mjukuu wangu, lakini cha mama yako kinaelea," alisema. "Kosa hutengenezeka likisemwa mapema. Ukilificha, linakusubiri baharini."