Siri ya Kwanza ya Redio

Nyumbani wananiita Redio. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule humsaidia mama kutunga uzi kwenye cherehani, na uzi ukiingia tu, mimi nimeshamweleza nani kagombana na nani kasinzia darasani. Siri kwangu haimalizi dakika kumi. Ndiyo maana kaka aliponiita nyuma ya nyumba na kuninong'oneza, "Ijumaa naondoka, usimwambie mama," nilivimba kichwa. Kumbe na mimi naaminika!

Kaka ana miaka kumi na sita. Siku hizo alikuwa amebadilika. Hacheki, hali chakula na sisi, na fundi viatu wa jirani, aliyemshonea viatu tangu utotoni, hamsalimii tena. "Watu kama yule si wenzetu," kaka alisema. Simu haikumtoka mkononi. Humo kulikuwa na mtu aliyemwita "ndugu," ingawa walikuwa hawajawahi kuonana. Kwake ndiko alikotaka kwenda Ijumaa.

Alhamisi, mwalimu wetu wa uraia aliandika ubaoni: "Sisi tu ndio wenye haki. Wale ni adui. Usimwambie mama."

"Haya ni maneno ya watu wenye itikadi kali," alisema. "Hawaanzi na bunduki. Wanakusikiliza siku una huzuni, wanakutenga na watu wako, kisha wanakutuma kuua."

Maneno yaleyale ya kaka! Nikanyoosha kidole. "Mwalimu, na kama uliahidi kunyamaza?"

Alinitazama kwa upole. "Siri inayoweza kumwua mtu haitunzwi. Kipindi kikiisha, njoo tuzungumze."

Nilimweleza yote huku nalia, tukaenda pamoja kwa mama. Mama aliposikia, cherehani ilinyamaza.

Kaka aliporudi na kutukuta sebuleni, alielewa papo hapo. "Umenisaliti!" alinifokea. Jamani, niliumia!

Mama hakupandisha sauti. Alimshika mkono. "Mwanangu, huyo mtu alikupa nini nisichokupa mimi?"

Kaka akajibu, "Nilipofeli mtihani, ni yeye tu aliyeniuliza naendeleaje."

"Na mimi nilikuwa nashona," mama alisema. "Nisamehe, baba."

Alimkumbatia mpaka kaka akalia kwa sauti. Kisha kaka mwenyewe akatoa simu, wakaenda na mama na mwalimu kuripoti polisi namba ya yule "ndugu".

Ijumaa kaka hakuondoka. Alikwenda kwa fundi viatu, macho chini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Mimi nilidhani umehamia mwezini!" Wakacheka wote wawili.

Shuleni mwalimu aliniambia, "Hukumsaliti kaka yako, umemwokoa. Anayekupenda kweli hakutengi na mama yako. Na ukiona mwenzako anajitenga, muulize wewe anaendeleaje, kabla mtu mwenye nia mbaya hajamuuliza."

Jioni nilikula kimya, nikiogopa kwamba kaka bado amenuna. Akanisogezea bakuli la mboga.

"Vipi, Redio," akasema, "betri zimekwisha? Hebu tupe habari."