Jina la A-Kiok Kwenye Karatasi za Njano

Asubuhi ile tulikuwa tunamenya magimbi uani kwa hekalu, wanawake tisa, na mikono inatuwasha sote. Mdogo wangu A-Kiok alikuwa anawasha kuliko magimbi yenyewe. "Dada," aliniambia, "ukimenya hivyo wageni watakula maganda." Nikamwambia wageni wenyewe wamekufa, hawachagui. Akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Alikuwa na miaka sitini na minane, presha kidogo, na meno yake yote. Nawaambia haya mjue alikuwa mtu wa namna gani kabla ya saa kumi.

Ilikuwa siku ya kumi na nne ya mwezi wa saba, tunapowalisha wafu. Kila familia huandikisha majina. Walio hai huandikwa kwenye karatasi nyekundu, waombewe. Waliokufa huandikwa kwenye za njano, waitwe waje kula. Saa kumi kuhani husimama akayasoma ya njano, moja moja. Anayeitwa huja. Ndiyo maana nyekundu na njano hatuzichezei.

Zamani yaliandikwa kwa brashi. Siku hizi hekalu lina kompyuta mbili. Moja iko mezani mbele, kwa Bwana Hsieh, mstaafu wa posta, ndiye mwandikishaji. Nyingine iko chumba cha nyuma pamoja na printa, na majina yote yamehifadhiwa humo. Ile ya mbele huyafikia kwa waya. Siku hiyo ya mbele ikakataa. Bwana Hsieh akabonyeza, akabonyeza, akaambiwa folda haionekani. "Jana nilikuwa mwenye nyumba," akasema, "leo nimekuwa mwizi."

Tukamwita Pei-jung, binti wa A-Kiok. Anafanya kazi mjini Taichung, anatengeneza mitandao ya maofisi, na alikuwa amekuja kwa treni kwa ajili ya sikukuu. Nikamfuata na chai, nikakaa.

Alikagua waya, mzima. Kuna namna kompyuta moja huiita nyingine ikaitika. Akaiita ya nyuma kutoka mbele, kimya. Akaiita ya mbele kutoka nyuma, ikaitika mara moja. "Si waya, mama mkubwa. Ni ukuta wa moto."

Nikautazama ukuta. Pei-jung akacheka. "Ni mlinzi, yumo ndani ya kompyuta. Jana ilijifanyia marekebisho yenyewe, sasa inadhani iko hotelini, kila jirani ni mtu asiyejulikana. Imefunga mlango."

Akamwondoa mlinzi kwanza, ajaribu. Folda ikaonekana. Ikamwuliza nani aruhusiwe kuifungua.

"Nimpe Bwana Hsieh peke yake, au niweke kila mtu? Nikiweka kila mtu tunamaliza sasa hivi."

Nje kengele ya kuhani ilikuwa imeanza kulia, na moshi wa ubani ulikuwa unaingia dirishani. Mimi sikusoma. Nilijibu kama anavyojibu mtu wa jikoni mwenye haraka.

"Weka kila mtu, mwanangu. Waingie wote."

Mwezi wa saba hatusemi hivyo. Mtu akibisha hodi, hata kama sauti yake tunaijua, hatumkaribishi mpaka tumwone uso. Mama alinifundisha hilo kabla sijaota meno. Na mimi nililisema kwa sauti, ubani ukiwa unawaka.

Printa ikaanza kutoa karatasi za njano, nami nikawa nazipanga. Kusoma sijui, lakini majina ya nyumbani kwetu nayajua kwa sura, kama unavyozijua nguo za wanao kwenye kamba. Karatasi ya arobaini na moja niliijua.

Ilikuwa ya A-Kiok.

"Bwana Hsieh amekosea," Pei-jung akasema. Bwana Hsieh akaja na daftari lake, miwani puani. "Mimi nilimweka nyekundu. Tazama, alama ya dole gumba lake hii hapa." A-Kiok mwenyewe akachungulia mlangoni, mikono myeupe kwa utomvu. "Mnanizika mchuzi haujaiva?" Tukacheka. Nikaichana ile karatasi. Pei-jung akalihamishia jina kwenye orodha nyekundu, akachapisha upya.

Ikatoka njano.

Akalihamisha tena. Safari hii tulikaza macho kwenye skrini, na mikono ya Pei-jung ilikuwa mapajani. Jina likafutika lilipokuwa. Likaanza kujiandika kwenye orodha ya njano, mahali pale pale pa arobaini na moja, alama moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja.

Pei-jung akafungua mahali panapoonyesha ni nani wameingia kwenye folda. Alitakiwa kuwamo mmoja tu, Bwana Hsieh. Walikuwa wawili. Wa pili hakuwa na jina, alikuwa namba tupu.

"Namba hii si ya hapa," akanong'ona.

"Mrudishe mlinzi," nikamwambia.

Akamrudisha. Kule mbele Bwana Hsieh akalalamika, "Mmenifungia nje tena." Tukaitazama orodha. Alibaki mmoja. Yule wa namba.

"Ukuta unatuzuia sisi," Pei-jung akasema. "Sisi tu."

Akachomoa waya. Yumo. Akaenda kuizima kompyuta ya mbele, akarudi. Yumo. Akajaribu kulifuta kabisa jina la mama yake. Ikamwandikia kwamba faili limefungwa, mtu mwingine analitumia. Na sasa mtu huyo alikuwa na jina. Pei-jung akaziba skrini kwa kiganja, lakini nilikuwa nimeshaziona zile alama tatu. Ndizo nilizozichana muda mfupi uliopita.

"Mama hajawahi kushika kompyuta," akasema.

Nje nilimsikia A-Kiok akimtania mtu juu ya unene wake.

Zilibaki dakika ishirini. Pei-jung akang'oa plagi ya umeme. Skrini ikafa. Kuhani alikuwa ameshapewa orodha ya njano iliyochapishwa, na jina limo. Tukamwomba, tukalikata jina kwa kalamu nyeusi, tukakata tena, mpaka karatasi ikatoboka. Bwana Hsieh akaliandika kwa brashi kwenye karatasi nyekundu, tukaibandika katikati ya nyekundu nyingine. Hatukuwa na lingine.

"Mama mkubwa, mwambie aende nyumbani."

Nikamwambia. "Na haya magimbi nimwachie nani, dada?" A-Kiok akaniuliza. "Wewe unayeacha maganda?"

Saa kumi kuhani akasimama. Nilikuwa nyuma yake. Jina la thelathini na tisa. La arobaini. Akafika penye tundu. Akaliruka.

A-Kiok akainua kichwa.

"Nipo," akasema.

Hakuna aliyemwita. Aliweka kisu chini. Akafuta mikono. Akapita katikati yetu mpaka kwenye meza za wageni, zile zinazoachwa na viti vitupu, akakaa.

Pei-jung akamkimbilia. "Mama, inuka. Inuka twende."

"Subiri nile," A-Kiok akasema, taratibu, bila kumtazama. "Wenzangu wameshaanza."

Ni miaka mitatu sasa. A-Kiok yu hai. Daktari amempima mara mbili. Moyo mzima, presha imeshuka. Anaishi nami. Hatanii tena, lakini si mkorofi. Nampakulia wali na samaki, anakaa, vijiti vinakwenda mdomoni na kurudi, anatafuna, anameza, anasema asante dada. Akiinuka, bakuli limejaa vilevile.

Kwetu tunakijua chakula walichokula wageni wa mwezi wa saba. Hakipungui, ladha ndiyo huondoka. Wiki iliyopita nilionja cha kwake. Chumvi nilikuwa nimeitia kwa mkono wangu, na tangawizi, na samaki alikuwa wa asubuhi. Sikupata chumvi. Sikupata samaki. Ilikuwa kama kutafuna kitambaa.

Jumapili Pei-jung alipiga simu, kama kawaida yake, akauliza kama mama yake amekula. Nilikuwa nimelishika lile bakuli, zito, limejaa, la baridi.

Nikamwambia amekula. Sikumdanganya.