Gauni Ambalo Halikufuliwa

"Mwenzangu, nguo za watoto wako unanunua wapi?"

Swali hilo aliuliza Mama Kitinda, siku moja uani, wakati wa kuanika. Aliuliza kwa nia njema. Binti yake mdogo, Kitinda, alikuwa akijiandaa kuimba na watoto wenzake katika nyumba ya ibada. Mama yake alitaka apendeze.

Aliyeulizwa ni jirani yake wa mlango wa pili. Watu walimwita Mama Maridadi, maana wanawe walikuwa wanavaa wakavalika. Alikuwa mfagiaji katika duka kubwa la nguo katikati ya jiji, lile lenye kuta za vioo.

"Pale pale kazini," Mama Maridadi akajibu. "Wafanyakazi tunapunguziwa bei."

Haikuwa kweli. Nguo zile alizinunua soko la mitumba, nyuma ya stendi ya mabasi. Aliona haya kusema. Alipofagia duka, aliokota vikaratasi vya bei vilivyoanguka chini. Aliweka pia mifuko ya karatasi yenye jina la duka. Jioni alipita sokoni, akachagua nguo, akazitia katika mifuko ile. Nyumbani alifunga vikaratasi kwenye kola kwa pini. Halafu hakuzifua. Aliona zikiguswa na maji tu zitalegea, na watu watajua. Alizinyunyizia manukato, basi.

Mumewe, fundi bomba, alikuwa akimtania.

"Mke wangu, soko zima linakujua. Muuza mashati ananiita shemeji."

"Punguza sauti. Jirani atasikia."

"Akisikia, kasikia nini? Kwamba tunavaa?"

Mkewe akaendelea kufunga pini.

Wiki ile Mama Maridadi alimhurumia Kitinda. Akamnunulia gauni la njano huko huko sokoni. Akalifunga kikaratasi, akalitia kwenye mfuko wa duka, akagonga mlango wa jirani.

"Mpe mwanangu. Mwambie ni zawadi ya mama yake mdogo."

Mama Kitinda alilipapasa lile gauni. "Maskini, umejisumbua. Nilifue kwanza?"

"Nguo ya dukani? Utaliharibu bure. Mvalishe hivyo hivyo."

Mama Kitinda akamwombea dua pale pale mlangoni, yeye na watoto wake wote. Mama Maridadi aliitikia amina huku anatazama chini.

Siku hazikupita nyingi, binti mkubwa wa Mama Maridadi akaanza kujikuna shingo. Palikuwa na baka la duara, kingo zake zimeinuka, katikati pakavu. Mama yake akampeleka zahanati.

"Huu ni ugonjwa wa choa," muuguzi alisema. "Huletwa na fangasi. Hupita kwa mtu, hupita kwa taulo, hupita kwa nguo. Amevaa nguo iliyovaliwa na mwingine?"

"Hapana. Nguo zake zote mpya."

"Mama," mtoto akasema, "na lile shati la sokoni je?"

Mama Maridadi alitamani benchi limmeze. Muuguzi hakucheka. Alivuta kola ya shati lake mwenyewe.

"Dada yangu, na hili nimelitoa hapo nyuma ya stendi. Jiji hili lina pa kununua pengi. Mwenye uwezo ataenda dukani, mwingine kwa fundi cherehani, mwingine sokoni. Mtumba si kosa. Kosa ni kuuvaa kabla ya kuufua."

"Nifanyeje?"

"Sokoni nenda mchana, uone vizuri. Geuza nguo ndani nje. Tazama kola, kwapa na mishono. Inuse. Ikiwa na ukungu, iache. Ukifika nyumbani, loweka kwa maji ya moto sana na sabuni. Fua, anika juani, kisha piga pasi mpaka kwenye mishono. Hata ya dukani ifue, maana wangapi wameshaijaribu? Na hii dawa mpake mpaka siku nilizokuandikia ziishe, hata baka likipotea."

Mama Maridadi alifanya yote. Alichemsha nguo, mashuka na taulo. Kila mtoto akawa na taulo lake. Vikaratasi na pini akavitupa. Shingo ya binti yake ikawa laini tena.

Lakini nyumba ya pili hapakuwa na raha. Kitinda alikuwa na mabaka mgongoni. Mama yake alibadilisha sabuni, akabadilisha mafuta, wapi. Alikuja kwa Mama Maridadi na macho mekundu.

"Wamemtoa kwenye kuimba. Wanasema atawaambukiza wenzake. Wanasema mimi sijui kuogesha mtoto. Hebu niambie, mwenzangu, nimekosea wapi?"

"Pole," Mama Maridadi alisema. Habari ya gauni hakuitaja.

Jioni Mama Maridadi alipiga magoti ili asali. Maneno hayakuja. Kila alipofumba macho aliona mgongo wa yule mtoto. Mumewe alikuwa amekaa kitandani.

"Utamwambia, au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Kesho yake asubuhi alimwita jirani, akamkaribisha kiti. Yeye alibaki amesimama.

"Wewe hujakosea. Kitinda naye hana kosa. Ni lile gauni."

"Gauni la dukani?"

"Si la dukani. Ni la mtumba. Kile kikaratasi nilikifunga mimi. Nilikukataza kulifua, ndipo mtoto akapata choa. Hata wangu alipata."

Mama Kitinda alisogeza kiti nyuma.

"Mimi nguo zangu zote nanunua sokoni," alisema taratibu. "Tangu sijaolewa. Na zote nazichemsha. Ungesema mtumba, ningelichemsha."

"Najua."

"Nilikuuliza nilifue."

"Uliniuliza. Nisamehe, dada. Niliona aibu."

"Na mimi wamenitazama vile mbele ya watu, nikaja kulia kwako, ukaniambia pole tu."

Mama Maridadi aliinamisha kichwa. Uso ulikuwa unamwaka.

Baadaye Kitinda alipona, Mungu ashukuriwe. Alipata dawa ile ile ya zahanati, akarudi kuimba na wenzake. Na Mama Maridadi, kila anapoulizwa nguo anazipata wapi, sasa husema nyuma ya stendi, kisha hueleza na namna ya kuzifua. Lakini asubuhi ile hayo yote yalikuwa bado.

"Dawa inapatikana wapi?" Mama Kitinda aliuliza.

"Zahanati. Muulize muuguzi. Na mashuka yake uyachemshe, na taulo."

Mama Kitinda aliinuka. Akajifunga khanga vizuri. Mama Maridadi alinyoosha mkono ili amshike bega. Mwenzake akapita pembeni ya mkono ule, akafungua mlango, akatoka.