Nyumba ya Kamba

Mashimba Luhende alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha mafuta ya pamba, Nyakato, jijini Mwanza. Kazi yake ilikuwa kuwashuku watu. Kila aliyetoka stoo alimkagua mifuko, na tabia hiyo alirudi nayo nyumbani jioni. Mkewe akicheka kwenye simu, Mashimba atauliza anacheka na nani. Akiletewa samaki, atamgeuza huku na huku kama anatafuta kosa. Alikuwa mtu mwema, lakini kuishi naye kulitaka moyo.

Moyo huo mkewe alikuwa nao. Aliitwa Sabina, fundi cherehani. Walipanga upande mmoja wa nyumba hapo hapo Nyakato, pamoja na binti yao, Winnie.

Mwaka huo Mzee Luhende, baba yake Mashimba, aliugua sukari. Aliishi peke yake kijijini, wilaya ya Magu, tangu mkewe afariki. Akapata kidonda mguuni, na kidonda kikakataa kupona.

"Mzee akae karibu na hospitali," daktari alimwambia Mashimba. "Kidonda hiki kinahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Kikiachwa, tutaukata mguu."

Mashimba akamleta baba yake Nyakato. Mzee hakumaliza hata wiki.

"Nimewakumbuka ng'ombe wangu," alisema, akafunga mzigo wake.

Akaletwa tena. Akaondoka tena, safari hii akiwa amekonda na midomo imemkauka. Kidonda kilikuwa kimezidi.

Mashimba akaanza kumshuku mkewe. Hakusema neno, lakini alifanya mambo. Aliingia jikoni akachungulia masufuria. Alimuuliza Winnie kwa ujanja kama babu yake alikuwa anashiba. Alimuuliza hata mama wa chumba cha jirani kama aliwahi kusikia maneno makali. Sabina aliyaona yote hayo, na yalimuuma sana. Aliendelea kushona.

Mashimba na Sabina walikuwa na kiwanja Butimba, mlimani, penye mawe makubwa.

"Nitajenga haraka," Mashimba alisema. "Baba awe na chumba chake mwenyewe. Tuone ataondoka kwa sababu gani."

Sabina alielewa maneno hayo yanamlenga nani.

Karibu na stendi ya Buzuruga kulikuwa na kibanda cha kutoa kopi. Mashimba akanunua ramani ya nyumba hapo, imeshachorwa tayari. Akampelekea fundi wa kujenga, Nestory.

"Inajengeka," Nestory alisema. Hakuuliza kitu kingine. Mashimba akampenda kwa sababu hiyo.

Sabina aliitazama ile ramani, kisha akaiweka juu ya cherehani yake.

"Baba Winnie, mimi mtu akitaka gauni, nampima kwanza. Hii nyumba imepimwa kwa nani?"

"Nyumba si gauni."

"Gauni likibana unalifumua. Ukuta je? Nina mteja wangu, anaitwa Wilhelmina. Ni msanifu wa majengo. Aje tu atusikilize."

"Mteja wako?" Mashimba akauliza. "Ahaa. Kumbe mmeshapanga."

Wilhelmina alikuja Jumamosi. Alikuwa mama wa makamo, mpole, anayeongea taratibu. Mashimba alitegemea atatoa karatasi na kuanza kuchora. Badala yake alianza kuuliza maswali.

"Asubuhi nani anaamka wa kwanza? Mnapikia gesi au mkaa? Wageni wakija mnakaa nao wapi? Mzee atalala chumba gani? Ataoga wapi?"

Mashimba akakunja uso.

"Samahani, dada. Wewe ni msanifu au ni polisi? Fundi wangu hakuniuliza hata moja kati ya hayo."

"Fundi wako anajua kuufanya ukuta usimame," Wilhelmina alisema. "Mimi kazi yangu inaanza kabla yake. Nafikiria watu watakavyoishi humo ndani, mwanga na upepo vitaingilia wapi, maji ya mvua yatapita wapi. Nisipouliza, nitachora nyumba ya mtu mwingine."

"Na nitajuaje kama wewe ni msanifu kweli?"

Wilhelmina akatabasamu, tena kwa furaha.

"Hilo ndilo swali la kwanza ambalo kila mtu angepaswa kuniuliza. Msanifu wa kweli amesajiliwa na bodi ya wasanifu. Chukua jina langu na namba yangu ya usajili, uwaulize bodi wenyewe. Usiniulize mimi. Halafu, kabla sijachora mstari mmoja, tuandikishane mkataba. Nitachora nini, nitamaliza lini, utanilipa kwa hatua zipi. Usome, uelewe, ndipo utie sahihi."

Jumatatu Mashimba alipiga simu bodi. Jina lilikuwepo, na namba ilikuwa sahihi. Akausoma mkataba, akaurudia, akatia sahihi. Lakini wasiwasi wake uliongezeka. Angekuwa tapeli, angemkamata. Huyu aliyenyooka kila upande angemkamatia wapi?

Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha. Mashimba akiwa kazini, simu yake ikaita. Alikuwa Machibya, jirani wa kiwanja kule Butimba.

"Jirani, umeuza kiwanja? Kuna mama yuko huku anapigilia vijiti."

Mashimba aliomba ruhusa, akapanda bodaboda, akafika amelowa mpaka mifupa. Njia nzima alijiambia, nilijua, nilijua tu. Akamkuta Wilhelmina amevaa mabuti ya mpira, amejikinga na mwavuli, anatazama chini.

"Unafanya nini kwenye kiwanja changu?"

"Naangalia maji yanapita wapi. Njoo uone."

Maji yalikuwa yanatelemka kutoka kwenye jiwe kubwa lililokuwa juu ya kiwanja. Yalikata kiwanja katikati, mekundu kwa udongo, yakaenda zake kuelekea ziwani. Wilhelmina alikuwa ameweka vijiti kando ya njia hiyo ya maji.

"Kwenye ramani uliyonunua, hapa yanapopita ndipo ilipo sebule yako," alisema. "Ramani ile ilichorewa kiwanja cha tambarare. Ungejenga wakati wa kiangazi, ungeyaona haya wakati makochi yameshaingia ndani."

Mashimba akatazama yale maji.

"Mbona hukuniambia unakuja?"

"Mvua nayo haikuniambia. Lakini una haki. Ningekupigia simu, na siku nyingine nitakupigia." Akakunja mwavuli wake, maana mvua ilikuwa inakata. "Mzee anakuja lini kliniki?"

"Wiki hii. Kwa nini?"

"Jumapili mlete hapa. Nataka tutembee ndani ya ile ramani yako kabla ya kuitupa."

"Baba anahusikaje? Kiwanja kina jina langu."

"Ataishi humo au hataishi?" Wilhelmina akauliza.

Jumapili walifika wote, jua likiwa limekausha mawe. Mzee Luhende aliketi juu ya jiwe, fimbo mkononi, mguu umefungwa bendeji. Sabina alimsalimia kwa kupiga magoti akiwa mbali kidogo, kama mkwe anavyomsalimia mkwe wake.

Wilhelmina na Nestory walipigilia vigingi kwenye sehemu iliyokuwa sawa, wakavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Kila kamba ilikuwa ukuta. Palipokuwa na mlango waliacha nafasi. Nyumba nzima ya kwenye ramani ikalala pale chini, kwa ukubwa wake kamili.

"Huu ni mlango wa mbele," Wilhelmina alieleza. "Hii ni sebule. Hiki cha mbele ni chumba cha mzee. Hii ni korido. Hapa katikati ya korido ni chumba cha baba na mama. Mwisho wa korido ni choo na bafu. Sasa kila mtu afanye anayofanya siku zote."

Nestory alicheka. Alidhani ni michezo ya watoto. Mashimba alisimama mikono nyuma, akimwangalia Wilhelmina kama anavyowaangalia watu getini.

Sabina aliingia jikoni, akachuchumaa kama anayepepea mkaa. "Moshi wote utaingia sebuleni," alisema. "Dirisha lenyewe liko upande usio na upepo." Kisha akaenda kusimama kwenye chumba chake, karibu na mlango.

"Mzee, shikamoo tena," Wilhelmina alisema. "Tuseme umeamka asubuhi. Nenda ukaoge."

Mzee Luhende aliinuka. Alitoka kwenye chumba chake cha kamba, akaingia korido, akichechemea. Alipokaribia mlango wa chumba cha mwanawe, alisimama. Aliinamisha macho. Kisha akageuka, akaunyanyua mguu mbovu kwa shida, akavuka kamba, akatoka nje. Akaizunguka nyumba yote kwa nyuma, kwenye mawe, mpaka akafika bafuni kwa upande wa pili.

"Mzee umepita ukutani!" Nestory alisema, akicheka.

Hakuna mwingine aliyecheka. Wilhelmina alimsogelea mzee, akapunguza sauti.

"Baba, pale korido pana nini?"

Mzee aliegemea fimbo yake.

"Pana mlango wa mkwe wangu," alisema mwishowe. "Mimi mtu mzima nimevaa taulo, nipite mlangoni kwa mkwe wangu kwenda chooni? Akitoka tukakutana, nitaweka wapi uso wangu?"

Mashimba akasogea.

"Lakini baba, kule Nyakato korido ni kama hii hii. Choo kiko mwisho, na sisi tuko katikati. Ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa sinywi maji."

"Hunywi maji?"

"Nisipokunywa, sibanwi. Nikibanwa, nasubiri mpaka mkwe atoke aende sokoni. Nikichoka kusubiri, narudi kwetu."

"Baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ningesema, ungedhani mkwe wangu ana kosa. Hana kosa. Amenipikia, amenifulia, amenisafishia bendeji. Nyumba ndiyo ilinishinda."

Sabina aligeuza uso kule ziwani, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nesi alikuwa amewaambia mara nyingi kwamba mwenye sukari asikose maji. Yeye alikuwa anampelekea mzee jagi limejaa, na jioni analikuta limejaa vile vile.

Mashimba aliona aibu. Alimshuku mke wake, alimshuku msanifu, wakati karatasi ambayo ingemfukuza baba yake tena aliinunua mwenyewe na hakuishuku hata kidogo. Akaenda mpaka aliposimama Sabina.

"Mama Winnie, nilikudhania vibaya."

"Najua," Sabina alisema. "Umechungulia masufuria mpaka nikakuonea huruma."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini usirudie."

Wilhelmina aling'oa kigingi kimoja, akakihamishia upande mwingine. Kamba ikakifuata.

"Mmeona? Nimehamisha ukuta. Leo tunahamisha kamba. Kwenye karatasi, tunafuta na kuchora upya. Tukishapanga matofali, kuhamisha ni kubomoa. Kwa hiyo semeni yote sasa, hata yale ya aibu. Hasa yale ya aibu."

"Na mimi nilikuita polisi," Mashimba alisema.

"Kunikagua hukukosea. Endelea hivyo hivyo. Ila kagua kila kitu. Mtu anayekuuliza ulimshuku, na ramani isiyokuuliza kitu ukaiamini."

Wilhelmina alichora upya. Aliwaletea michoro mara kadhaa, wakaibishia, akairekebisha. Nyumba ilisogezwa pembeni ili maji yapite njia yake. Jiko likahamia upande wenye upepo. Mzee akapewa chumba upande wa pili kabisa, chenye choo na bafu lake humo humo, bila ngazi wala kizingiti cha kumkwaza, na chuma cha kushikilia ukutani. Mlango wake ukafungukia barazani.

Nestory alitaka kuanza kuchimba msingi mara moja. Wilhelmina akakataa.

"Kwanza kibali cha ujenzi kutoka jiji. Michoro ikishapitishwa, ndipo tutachimba."

Kibali kilipotoka, Nestory alijenga kwa kufuata michoro, na alijenga vizuri. Wilhelmina alikuja kukagua msingi, kisha kuta, kisha paa. Mashimba naye alipata pa kupeleka tabia yake. Alikagua saruji, alikagua nondo, alikagua tofali moja moja. Nestory alilalamika, lakini hakuna mfuko uliopotea.

Mzee Luhende alihamia Butimba kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Wiki ikaisha, hakufunga mzigo. Mwezi ukaisha. Alikwenda kliniki kila alipoitwa, na jagi lake likawa linajazwa mara kwa mara. Ng'ombe alimwachia ndugu yake kijijini, na Mashimba hakuulizwa habari zao.

Asubuhi moja Machibya alipita, akasimama kuitazama nyumba.

"Jirani, nipe hiyo michoro nikatoe kopi. Nami nataka kujenga kama hii."

"Kwako wewe nani anaamka wa kwanza?" Mashimba akamuuliza. "Wazazi wako wakija watalala wapi?"

Machibya akarudi nyuma hatua moja.

"Unauliza mambo ya wazazi wangu ili iweje?"

Mzee Luhende alikuwa barazani, mlangoni kwake. Akaunyoosha mguu wake juani. Bendeji haikuwepo tena. Kidonda kilikuwa kimebaki kovu, na vidole vyote vilikuwepo.

"Nyumba hii walinipima mimi, mwanangu," alimwambia Machibya. "Katafute na wewe wa kukupima."

Machibya aliutazama mguu ule kwa muda. Kisha akatoa simu mfukoni.

"Haya, nipe namba ya huyo dada. Ila mimi nitamkagua kwanza."

"Mkague," Mashimba alisema. "Atafurahi."